Nyumba Kabla ya Zahanati: Historia Fupi ya Afya na Maafa katika Dagahaley

Baada ya hesabu za fedha na taarifa za kazi, twawaletea wanachama na wasomaji wetu sura moja ya historia. Hatuiweki hapa kwa ajili ya kukipamba kitabu. Chama cha ustawi kisichojua mambo yaliyowapata watu wake hapo nyuma hufanana na mganga atoaye dawa bila kuuliza maradhi yalianza lini. Safari hii tumeichagua Dagahaley, katika Kaunti ya Garissa, na swali letu ni moja: maafa yanapokuja, ni kitu gani kinachookoa maisha ndani ya nyumba ya maskini, na ni kitu gani ambacho nyumba hiyo haiwezi kujifanyia peke yake? Swali hili si la wasomi tu. Majibu yake yameandikwa katika makaburi ya watoto, na katika uhai wa watoto waliopona.

Nchi ihesabuyo miaka kwa ukame

Jina la Dagahaley latokana na neno la Kisomali lenye maana ya jiwe. Ni mahali penye mawe. Ipo karibu na mji wa Dadaab, ulio kiasi cha kilomita 100 kutoka mji wa Garissa. Nchi yenyewe ni tambarare, ardhi yake ni nyekundu, na miti yake ni ya miiba. Mvua ni haba, na huja mara mbili kwa mwaka: ile ya Gu ianzayo mwezi wa Aprili, na ile ya Deyr ianzayo mwezi wa Oktoba. Mvua hizo zikikosa kuja mara moja, watu hukaza mikanda. Zikikosa mara mbili, mifugo huanza kufa. Zikikosa mara tatu, watu nao huanza kuhama.

Wafugaji wa Kisomali wana desturi ya kuupa jina kila ukame mkubwa, na wazee hutumia majina hayo kuhesabia umri. Ukame ulioipata Somalia mwaka 1974 na 1975 waliuita Dabadheer, yaani wenye mkia mrefu, kwa kuwa ulikataa kwisha. Watu waupao ukame jina hawautazami kama ajali ya siku moja, bali wanauhesabu kama mgeni ajulikanaye, arudiye tena na tena, na hujiwekea akiba kwa ajili yake.

Akiba hiyo ya zamani ilikuwa ya namna nyingi. Kwanza, nyumba yenyewe. Aqal, nyumba ya mfugaji, hujengwa na wanawake kwa fito zilizopindwa na mikeka iliyosukwa, na huweza kufunguliwa na kupakiwa juu ya ngamia. Maji yakikauka hapa, nyumba huondoka kwenda penye maji. Uchafu ukizidi mahali, watu huuacha nyuma. Pili, mifugo haikuwekwa pahali pamoja. Ngamia walipelekwa mbali na vijana, mbuzi wakabaki karibu na akina mama na watoto, ili msiba usiimalize mali yote kwa siku moja. Tatu, ndugu aliyepoteza mifugo alisaidiwa na jamaa zake, na zaka ikawafikia mafukara. Tatizo la namna hii ya kuishi ni kwamba yahitaji nafasi kubwa na uhuru wa kwenda.

Uhuru huo ulipunguzwa. Tarehe 28 Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Serikali ilitangaza hali ya hatari katika nchi za mpakani, na vita vilivyoitwa vya Shifta vikaendelea hata mwaka 1967. Katika miaka ya mwisho ya vita hivyo wafugaji wengi walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikapotea. Hatuandiki haya ili kuchokonoa vidonda. Twaandika kwa kuwa hapo ndipo lilipoonekana jambo ambalo baadaye litarudi kwa ukubwa zaidi katika Dagahaley: nyumba iliyozoea kuhama, ikifungwa mahali pamoja, hupoteza kinga yake ya kwanza, na haina budi kujifunza kinga nyingine.

Kambi ya mwaka 1992

Mwezi wa Januari 1991 Serikali ya Siad Barre ilianguka mjini Mogadishu, na Somalia ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Watu walivuka mpaka kwa maelfu, wengi wao wakipitia Liboi. Kambi ya Ifo ilifunguliwa mwaka 1991. Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Kambi hizo tatu zilipangwa kwa ajili ya watu 90,000. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilishika usimamizi, na mashirika mengine, miongoni mwao CARE na Madaktari Wasio na Mipaka, yakafanya kazi za maji, chakula na matibabu.

Msomaji atafakari jinsi mambo yalivyogeuka katika nyumba moja. Mama aliyezoea kuhamisha nyumba yake sasa amepewa kiwanja, hema na kadi ya posho. Maji hayafuatwi tena porini. Yatoka katika visima virefu vilivyochimbwa hata kuifikia hazina ya maji ya chini ya ardhi iitwayo Merti, na hugawiwa katika mabomba. Hilo ni jema kubwa. Lakini choo hakiachwi nyuma tena. Kipo hatua chache kutoka jikoni. Jirani yupo upande huu na upande huu. Mtoto mmoja akipata kuhara, nyumba kumi zimo hatarini. Maarifa yaliyomfaa mama huyo porini hayatoshi hapa, na maarifa mapya hayakuja naye katika mzigo wake.

Tena kuna jambo la kuni. Posho ya nafaka na maharagwe hailiki bila moto, na moto wahitaji kuni. Katika miaka ya 1990 wanawake na wasichana waliotoka kambini kutafuta kuni walishambuliwa na kunajisiwa na majambazi porini, hata mwaka 1998 ukaanzishwa mpango wa kugawa kuni. Twalitaja jambo hili la uchungu kwa sababu huwa linasahauliwa watu wanapozungumza habari za afya. Chakula huhesabiwa kwa kilo, lakini hatari ya kukipika haikuhesabiwa kwa muda mrefu. Afya ya nyumba yaanzia pale mama anapoamua kama atahatarisha mwili wake ili watoto wale chakula kilichoiva.

Mvua ya mwaka 1997

Watu wengi hudhani kwamba maafa ya nchi kavu ni ukame tu. Mwishoni mwa mwaka 1997 mvua kubwa iletwayo na El Niño ilinyesha katika Afrika Mashariki yote. Ardhi ya Garissa haikuweza kuyanywa maji yale. Barabara zilikatika, kambi zikafurika, vyoo vikajaa na kumwagika, na misaada ikabidi kupelekwa kwa ndege.

Kisha ukaja ugonjwa. Mbuzi na kondoo walianza kutupa mimba na kufa kwa wingi. Baada yao, watu wakashikwa na homa kali, na wengine wakatokwa na damu. Ilikuwa homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilitambuliwa na wanasayansi mara ya kwanza nchini Kenya karibu na ziwa Naivasha, katika miaka ya 1930 na 1931. Ugonjwa huu una siri yake. Mayai ya mbu wa namna fulani hukaa katika udongo mkavu wa mabonde kwa miaka mingi, yakiwa na vijidudu vya ugonjwa ndani yake. Mafuriko yakija, mayai huanguliwa kwa mamilioni. Kwa hiyo ukame mrefu haukuua ugonjwa, uliuficha tu.

Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa katika Wilaya ya Garissa peke yake. Tena ulionyesha kwamba waliopatwa zaidi ni wale waliogusa damu na majimaji ya kondoo, na wale waliolaza mifugo ndani ya nyumba zao. Jambo hili lataka kufikiriwa kwa huruma. Kwa nini mtu alaze kondoo ndani? Kwa sababu nje kuna maji, na kondoo huyo ndiye benki yake, ndiye karo ya mwanawe na maziwa ya mtoto. Alimwingiza ndani ili aokoe mali, naye akaingiza ugonjwa. Si ujinga uliomponza, bali umaskini: aliyekuwa na zizi lililoinuliwa juu ya maji hakuwa na haja ya kuchagua kati ya mali na afya.

Mapema mwaka 1998, maji yalipokuwa yakikauka, malaria ilizuka vikali katika Wilaya ya Wajir, jirani na Garissa. Watu wa nchi kavu hawana kinga ya malaria kama watu wa pwani, kwa kuwa hawaumwi na mbu kila mwaka. Basi mvua moja ilileta mafuriko, homa ya mifugo na malaria, moja baada ya nyingine, kama wageni walioandamana.

Mwaka 2006: wafugaji waliojua mapema

Mwaka 2006 ulianza kwa ukame na kumalizika kwa maji. Mwezi wa Oktoba mtoto mmoja katika kambi ya Hagadera alionekana kuwa na ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ambao haukuwa umeonekana nchini Kenya tangu mwaka 1984. Mwezi wa Novemba mafuriko yalizipiga kambi, Ifo ikiumizwa zaidi, na barabara ya Garissa ikakatika tena. Mwezi wa Desemba homa ya Bonde la Ufa ikathibitishwa. Katika miezi mitatu yalikuja maafa matatu. Hata kufikia mwezi wa Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepokea taarifa za wagonjwa 684 wa homa hiyo nchini Kenya, ambao 155 kati yao walifariki.

Hapa pana somo ambalo twapenda kila mwanachama alikumbuke. Wafugaji wa Kisomali wana neno lao la ugonjwa huu: sandik, yaani pua itokayo damu. Wataalamu waliowahoji baada ya janga waligundua kwamba wafugaji walikuwa wameziona dalili kabla ya ofisi kupata habari. Waliiona mvua isiyo ya kawaida, wakaona mbu wengi kupita kiasi, wakaona kondoo wakitupa mimba, na wakajua kinachofuata. Lakini neno la mfugaji halikuwa na njia ya kufika mezani pa mkubwa. Ofisi ilingoja majibu ya maabara, na siku zilipita.

Serikali ilipochukua hatua, ilifunga masoko ya mifugo na kuzuia uchinjaji. Hatua hiyo ilikuwa ya haki kwa afya, lakini Garissa ni soko kubwa la mifugo, na nyumba nyingi hazina mapato mengine. Mtu aliyeokolewa na homa akabaki bila fedha ya unga. Kila atungaye amri ya kuzuia ugonjwa yampasa ajiulize papo hapo: nyumba itakula nini siku amri hii itakapoanza?

Bulo Bacte, mwaka 2011

Mvua zilikosa tena mwishoni mwa mwaka 2010 na mwanzoni mwa 2011. Maonyo yalitolewa mapema, lakini msaada ulichelewa. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kuu katika sehemu za Somalia ya kusini. Makadirio yaliyofanywa baadaye yalisema kuwa watu karibu 258,000 walikufa huko Somalia kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto walio chini ya miaka mitano.

Waliobaki na nguvu walitembea kuelekea Dadaab. Katika wakati mbaya kabisa walifika zaidi ya watu 1,000 kwa siku moja, na kambi zilizopangwa kwa watu 90,000 zikapata zaidi ya 400,000. Dagahaley ilikuwa imejaa. Wageni wakapiga vibanda vyao nje ya mipaka yake, mahali palipoitwa Bulo Bacte, ambapo jina lake lasema juu ya mizoga, kwa kuwa hapo ndipo ilipotupwa mizoga ya wanyama. Hapo hapakuwa na vyoo vya kutosha wala mabomba. Watu waliojenga vibanda kwa miti na vitambaa vikuukuu waliishi juu ya ardhi hiyo kwa miezi.

Utafiti uliofanywa hapo mwaka huo, na kuchapishwa mwaka 2013, ulieleza juu ya vifo vingi, utapiamlo mkali na surua, ambayo wengi wetu huiita ukambi. Jambo la kushangaza ni kwamba surua haikuwashika watoto wadogo peke yao; iliwashika hata vijana na watu wazima. Sababu yake ni rahisi na ya kusikitisha. Somalia ilikuwa imekaa miaka 20 bila huduma za chanjo za kuaminika, na mtu aliyezaliwa mwaka 1991 alikuwa na umri wa miaka 20 bila kupata sindano hata moja. Vita vilivyomfukuza baba yake vilimfuata yeye kama ugonjwa.

Hata hivyo, katika siku hizo hizo lilionekana jambo jingine. Kabla ya kadi ya posho kupatikana, na kabla ya hema kutolewa, wengi wa wageni walipokelewa na jamaa zao na hata na watu wasiowajua, waliokuwa wamekaa Dagahaley tangu 1992. Sufuria iliyopimwa kwa watu sita ililisha kumi na wawili. Watu walichangishana misikitini na madukani. Huo ndio mfumo wa zamani wa kusaidiana, ambao wengi walidhani umekufa pamoja na ngamia. Haukufa, ulibadili mavazi tu. Lakini tusijidanganye: sufuria iliyogawanywa huokoa maisha wiki hii, na wiki ya nne humdhoofisha mwenyeji na mgeni pamoja.

Maji safi yachafuliwapo nyumbani

Katika nusu ya pili ya mwaka 2012 ulizuka katika kambi za Dadaab ugonjwa wa ini, homa ya ini aina ya E, ukawashika watu zaidi ya 300. Ugonjwa huu huenezwa na maji na uchafu wa choo, na huwa mkali mno kwa wanawake wajawazito na waliojifungua karibuni. Kati ya waliofariki, akina mama hao ndio waliokuwa wengi. Mwaka 2013 polio ikarudi, na Kenya ikapata wagonjwa 14. Mwishoni mwa 2015 kikaja kipindupindu, kikawashika watu zaidi ya 1,000. Mwezi wa Oktoba 2022 kipindupindu kikaja tena, wakati misimu mitano ya mvua ilikuwa ikikosa mfululizo na wakimbizi wapya wakiongezeka pembezoni mwa Dagahaley; hata mwezi wa Februari 2023 Garissa ikawa miongoni mwa kaunti zilizopewa chanjo ya kunywa. Kisha mvua za mwishoni mwa 2023 na za mwaka 2024 zikafurika, na watu wakakimbilia madarasani.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa maji ya visima virefu ni safi, kipindupindu chatoka wapi? Jibu limo njiani kati ya bomba na kinywa. Maji huingia katika mtungi wa plastiki ambao haujasuguliwa ndani kwa miezi. Hukaa nyumbani bila kifuniko. Mtoto huchovya kikombe pamoja na vidole vyake. Maji yaliyotoka bombani yakiwa salama hufika tumboni yakiwa sumu.

Jambo hili lilipimwa katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi mwaka 1993. Baadhi ya nyumba zilipewa ndoo zenye kifuniko na bomba dogo, ambazo mtu hawezi kuingiza mkono. Uchafu wa kinyesi katika maji ulipungua kwa asilimia 69, na kuhara kwa watoto wadogo kukapungua kwa asilimia 31. Hakuna aliyejenga hospitali wala kuchimba kisima kipya. Ilibadilishwa ndoo tu.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India. Kipindupindu kilikuwa kikiua, na dawa ya kutia mshipani ikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis, aliyefanya kazi huko Bangaon, aliamua kuwapa wagonjwa maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, na akawaachia jamaa za mgonjwa kazi ya kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila mia vikashuka hadi chini ya 4. Dawa iliyookoa maelfu ilitolewa kwa kikombe, na mkono wa mama ndio uliokishika kikombe hicho. Kwa ajili ya wasomaji wetu twaandika kipimo chake: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari visivyojazwa kupita ukingo, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi hapo, maana ikizidi humdhuru mtoto. Pakiti ya dawa ikipatikana zahanati, hiyo ni bora zaidi. Na mgonjwa anyweshwe akiwa njiani kwenda hospitali, asingojwe nyumbani.

Neno juu ya ustahimilivu

Sasa twafika penye jambo zito la sura hii. Siku hizi wakubwa wengi husifu ustahimilivu wa maskini. Nasi tumeusifu hapa, kwa kuwa ni kweli. Lakini sifa yaweza kuwa mtego. Akisifiwa punda kwa kubeba mzigo, haichukui muda ataongezewa mwingine.

Katika Novemba 2014, kwa sababu ya upungufu wa fedha, Mpango wa Chakula Duniani uliikata posho ya wakimbizi wa Kenya kwa nusu. Mwezi wa Desemba 2016 ikakatwa kwa nusu tena. Mwaka 2025, wafadhili wakubwa walipopunguza misaada yao, posho ilishuka hata ikawa chini ya nusu ya kiasi kilichopangwa. Usajili wa wakimbizi wapya katika Dadaab ulisimamishwa mwishoni mwa mwaka 2011, na kwa miaka mingi waliofika bila kadi waliishi kwa kugawana posho ya jamaa zao na kutumia vyoo vya wengine. Mwezi wa Mei 2016 ilitangazwa kwamba kambi zitafungwa. Mahakama Kuu ikaamua mwezi wa Februari 2017 kwamba tangazo hilo lilikuwa kinyume cha katiba. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo hapa, je, atachimba choo cha kudumu? Atapanda mti? Atainua sakafu ya nyumba yake juu ya maji?

Kwa hiyo twasema wazi. Nyumba yaweza kufunika mtungi, lakini haiwezi kuchimba kisima cha kuifikia Merti. Mama aweza kumnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, lakini hawezi kutengeneza chanjo ya surua. Jirani aweza kugawana unga, lakini si unga ambao haukuletwa. Kila mara maafa yaliposhindwa Dagahaley, mikono miwili ilikuwa imekutana: mkono wa nyumba na mkono wa umma. Na kila mara maafa yaliposhinda, mmoja wa mikono hiyo ulikosekana, na mara nyingi haukuwa ule wa nyumba.

Kuna dalili ya njia mpya. Sheria ya Wakimbizi ilitiwa sahihi mwezi wa Novemba 2021, na mwezi wa Machi 2025 ulizinduliwa Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watapata huduma pamoja. Wenyeji wa Garissa, ambao kuni zao zilikatwa na malisho yao yakapungua, wana haki katika mpango huo sawa na wageni wao, maana kipindupindu hakiulizi kadi ya mtu. Nia hiyo ni njema. Itapimwa kwa visima, vyoo, chanjo na bei ya unga, wala si kwa hotuba.

Yatupasayo

Kutokana na historia hii twawaomba wanachama wetu, popote walipo, washike mambo machache. Mtungi wa maji usuguliwe ndani kwa mchanga safi au mawe madogo na sabuni, na ufunikwe daima. Kadi ya chanjo ya mtoto iwekwe pamoja na vitu ambavyo mtu hukimbia navyo siku ya mafuriko. Kabla ya Deyr, kila nyumba ichimbe mfereji wa kupitisha maji, na mifugo itengenezewe mahali pa juu nje ya chumba walalamo watu. Mnyama aliyetupa mimba asiguswe kwa mikono mitupu, wala mzoga usiliwe. Mfugaji aonaye dalili ya sandik aseme mapema, na chama kilipeleke neno lake mpaka lisikilizwe. Vyama vya akina mama vya kuwekeana fedha, ambavyo Wasomali huviita ayuuto, vitenge sehemu ndogo kwa ajili ya ugonjwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Nao wenye madaraka twawaomba neno moja. Wasingoje kuona watoto waliokonda katika picha ndipo waamini kwamba mvua imekosa. Watu wa Dagahaley huupa ukame jina kwa sababu wanajua utarudi. Bajeti ya afya ya nchi nayo na iandikwe na watu wanaojua kwamba utarudi.